Wakili wa Ujenzi na Mtu Asiyetajwa Katika Mkataba

Mwezi Agosti 2017 Watanzania walipata habari ambayo wengi hawakuiamini mara moja. Ndege mpya aina ya Bombardier Q400, iliyonunuliwa na Serikali kwa ajili ya shirika la ndege la taifa, ilikuwa imezuiwa nchini Canada kwa sababu ya deni. Mdai alikuwa kampuni ya ujenzi. Kiasi kilichotajwa hadharani kilikuwa takriban dola milioni 38 za Marekani, na chanzo chake kilikuwa mkataba wa barabara uliovunjika miaka mingi kabla ya ndege hiyo kuundwa. Mjadala uliofuata tunaukumbuka: nani mzalendo, nani msaliti, nani kavujisha siri. Ndege ilitua Dar es Salaam Aprili 2018, na mjadala ukazimika kama mshumaa. Swali la msingi halikuulizwa kwa sauti: deni la barabara hukua vipi hata likaweza kushika ndege ng'ambo ya bahari?

Mtu anayeweza kulijibu swali hilo kwa ufasaha ni mmoja ambaye jamii yetu haimjui vizuri. Tunamjua wakili wa jinai, wa mirathi na wa ardhi. Wakili wa sheria ya ujenzi tunamwona kwa nadra, na mara nyingi tunamwona amechelewa, wakati ukuta umekwisha kuanguka na fedha zimekwisha kuliwa. Makala haya yanafuatilia historia ya taaluma yake kuanzia Uingereza ya karne ya 19, ilikozaliwa kwa sura tuliyoirithi, hadi Kariakoo na Huruma. Nakusudia kuonyesha jambo moja. Taaluma hii ilijengwa kuwahudumia waliotia saini mkataba. Anayelala ndani ya jengo hakuwemo katika hesabu, na alipoingizwa hatimaye, aliingizwa na maiti.

Mhandisi aliyekuwa mwamuzi

Reli ndizo zilizomzaa wakili wa ujenzi. Kabla yake, mwenye nyumba alimwita fundi, wakapatana bei, na ugomvi wao ulikuwa mdogo kama nyumba yenyewe. Reli zilileta jambo jipya: mkandarasi mmoja mwenye maelfu ya vibarua, kampuni yenye wanahisa mijini, na kati yao mhandisi aliyepima kazi na kutoa hati ya malipo. Pasipo hati hiyo mkandarasi hakulipwa hata senti. Hati ilikuwa pumzi yake.

Kesi ya Ranger dhidi ya kampuni ya reli ya Great Western, iliyoamuliwa na Baraza la Malordi mwaka 1854, inaonyesha ukali wa mpango huo. William Ranger alikuwa mkandarasi wa sehemu ya njia karibu na Bristol. Alilalamika kwamba mwamba aliokuta ulikuwa mgumu kuliko alivyoaminishwa, kwamba malipo yalipunjwa, na kwamba kampuni ilimnyang'anya kazi na vifaa. Mwamuzi wa mambo hayo katika mkataba alikuwa mhandisi wa kampuni, Isambard Kingdom Brunel, jina ambalo Waingereza hulitaja kwa fahari hadi leo. Baadaye Ranger aligundua kwamba Brunel alikuwa pia mwanahisa wa kampuni hiyo hiyo. Je, mwenye hisa anaweza kupima haki ya anayemdai? Malordi walijibu kwamba hisa hizo hazikubatilisha mamlaka yake. Mkandarasi alijua tangu mwanzo kwamba mhandisi ni mtu wa kampuni, na alitia saini.

Hukumu hiyo inaudhi, lakini ina mantiki yake, nayo ndiyo mzizi wa kazi ya wakili wa ujenzi. Kama mahakama itashikilia maneno yaliyotiwa saini hata yakiwa makali, basi haki yote imo katika maneno kabla ya saini. Tangu hapo mwenye busara hakungoja ugomvi ndipo amtafute wakili. Alimpeleka asome mkataba kabla jembe halijagusa ardhi.

Gudi la Brooklyn

Upande wa pili wa Atlantiki tatizo hilo lilipata jibu tofauti. Tarehe 7 Februari 1905 mkandarasi George Spearin alisaini na Serikali ya Marekani mkataba wa dola 757,800 wa kujenga gudi la kutengenezea meli katika yadi ya jeshi la wanamaji, Brooklyn. Eneo hilo lilikatizwa na bomba kuu la maji machafu lenye kipenyo cha futi 6. Michoro ya Serikali ilimwagiza alihamishe, alijenge upya kwa vipimo walivyotoa, kisha aendelee na gudi. Akafanya hivyo, na kazi yake ikakubaliwa.

Baada ya mwaka mmoja hivi mvua kubwa ilinyesha wakati bahari imejaa. Maji yalirudi nyuma, bomba likapasuka mahali kadhaa, na shimo la gudi likafurika. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya bomba jirani, lenye futi 7, kulikuwa na kizuizi cha futi 5 hivi ambacho hakikuonyeshwa katika mchoro wowote, nacho ndicho kilichosukuma maji upande wa bomba la Spearin. Spearin akasimamisha kazi: hataendelea mpaka Serikali ikubali wajibu. Serikali ikasema hasara ni yake, kwa kuwa mkataba ulimtaka akague eneo na kuridhika. Barua zikaandikwa kwa miezi 15, kisha Waziri wa Jeshi la Wanamaji akauvunja mkataba.

Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1918, ikaandikwa na Jaji Louis Brandeis. Ilisema kwamba mwenye mradi anayempa mkandarasi michoro na kumtaka aifuate, anadhamini kwamba michoro hiyo inafaa, na vifungu vya jumla vya kumtaka mkandarasi akague eneo haviondoi dhamana hiyo. Spearin alipata dola 141,180.86, yaani gharama ambazo hakuwa amelipwa pamoja na faida aliyoikosa.

Kanuni hiyo ina uzito kwetu. Ukiacha Kiingereza cha kisheria, inasema kwamba mwenye nguvu anayechora vibaya asimtupie mnyonge hasara ya mchoro wake. Ni mara ngapi tumeona barabara inatobolewa upya kwa sababu nguzo za umeme au mabomba ya maji hayakuwemo katika michoro, kisha lawama zote akatupiwa mkandarasi mbele ya kamera? Wakili wa ujenzi anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza: nani alichora, nani alijua, na nani aliahidi?

Vitabu na jedwali

Nchini Uingereza taaluma ilikua kwa njia mbili, vitabu na mahakama. Mwaka 1891 wakili Alfred Arthur Hudson alichapisha kitabu cha sheria ya mikataba ya majengo ambacho, kwa matoleo yaliyofuatana, bado kinatumika mahakamani baada ya zaidi ya karne moja. Mwaka 1955 Donald Keating alitoa chake, kifupi na chepesi kusomeka, na ofisi ya mawakili aliyoiongoza inabeba jina lake mpaka leo. Kitabu cha Hudson kilipata baadaye mhariri mkali, I. N. Duncan Wallace, aliyesimamia toleo la 10 la mwaka 1970 na la 11 la mwaka 1995. Wallace hakuogopa kuandika kwamba mikataba ya mfano iliyoandaliwa na vyama vya wataalamu iliwapendelea wakandarasi na wahandisi kuliko mwenye fedha. Hapo tunaona sifa moja ya taaluma hii: wakili bora wa ujenzi ni mhakiki wa maandishi, msomaji anayejua kwamba neno "isipokuwa" linaweza kugharimu daraja.

Kwa upande wa mahakama, sheria ya mwaka 1873 iliunda waamuzi maalumu wa kushughulikia mashauri yenye hesabu na nyaraka nyingi. Majaji wa kawaida hawakupenda kukaa wiki tatu wakisikiliza habari za misumari na rangi. Waamuzi hao wakawa ndio majaji wa majengo. Kutoka kwao tumepata jedwali la Scott, lenye safu za kasoro, dai, jibu na gharama, kila kasoro katika mstari wake. Kifaa hicho ni cha kawaida kabisa, lakini kilibadilisha namna ya kubishana. Badala ya kusema "nyumba yote mbovu", mdai alilazimika kusema ufa upi, ukuta upi, kwa shilingi ngapi. Mwaka 1998 mahakama hiyo ilipewa jina jipya, Mahakama ya Teknolojia na Ujenzi, chini ya Jaji John Dyson.

Katikati ya safari hiyo, mwaka 1974, Malordi walirudi katika jambo la hati za malipo katika kesi ya Sutcliffe dhidi ya Thackrah. Wasanifu walikuwa wamethibitisha malipo ya kazi mbovu au ambayo haikufanyika, mwenye nyumba akalipa, kisha mkandarasi akafilisika. Wasanifu walijitetea kwamba anayetoa hati ni kama hakimu, na hakimu hashtakiwi kwa hukumu yake. Malordi wakakataa. Anayelipwa na mteja ili apime kazi, akipima kwa uzembe, atajibu. Miaka 120 baada ya Brunel, mpimaji alivuliwa joho la hakimu.

Kitabu chekundu chavuka bahari

Nchi zetu ziliingia katika historia hii kupitia mlango wa mikopo. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lililoanzishwa mwaka 1913, lilitoa mwaka 1957 mkataba wa mfano wa kazi za uhandisi uliojengwa juu ya mikataba ya Kiingereza. Jalada lake lilikuwa jekundu, na jina la Kitabu Chekundu limebaki. Barabara, mabwawa na bandari nyingi za Afrika zilizogharamiwa na benki za maendeleo zimejengwa chini ya kitabu hicho au ndugu zake. Wallace aliuhakiki mkataba huo kwa ukali katika kitabu alichokichapisha mwaka 1974, akionya kwamba unamtwisha mwenye mradi hatari nyingi.

Kwa nini onyo hilo lituhusu? Kwa sababu mkataba wa namna hii ni mashine ya muda na maandishi. Katika toleo la mwaka 1999, kwa mfano, mkandarasi anayetaka muda zaidi au fedha zaidi lazima atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio husika; akichelewa, haki imepotea. Kwa upande wake mwenye mradi akichelewa kulipa, riba huanza kuhesabiwa bila kuombwa. Deni lenye riba ya asilimia 8 inayojumlishwa kila mwaka huwa maradufu ndani ya miaka 9. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkandarasi mkubwa wa kigeni huja na daftari na wakili wa daftari, anayeandika barua siku ile mvua inaponyesha na siku ile eneo linapocheleweshwa kukabidhiwa. Upande wetu mara nyingi barua hizo hupokewa, hupigwa mhuri na kuwekwa katika faili, zikingoja siku ya msuluhishi.

Siku hiyo ikifika, tuzo ya msuluhishi haina mipaka. Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania iliingia mwaka 1964 na Canada mwaka 1986, unazitaka nchi wanachama zitambue na kutekeleza tuzo zilizotolewa kwingine. Mali ya kibiashara ya mdaiwa inaweza kufuatwa popote ilipo. Ndiyo maana ndege inaweza kubeba mzigo wa barabara.

Mfano ulio wazi kuliko yote barani mwetu ni wa Lesotho. Mwaka 1991 mamlaka ya mradi wa maji wa nyanda za juu ilisaini na muungano wa makampuni ulioongozwa na Impregilo mkataba wa kujenga bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185. Ugomvi wa malipo ukapelekwa kwa wasuluhishi. Wasuluhishi walitoa tuzo kwa fedha za Ulaya, ingawa mamlaka ilidai kwamba mkataba ulitaka maloti, na loti ilikuwa imeshuka thamani. Mamlaka ikaenda mahakamani London, ikashinda, ikashinda tena katika rufaa. Mwaka 2005 Malordi wakageuza yote. Walisema kwamba hata kama wasuluhishi walikosea sheria, kukosea si kuvuka mamlaka, na mahakama haiwezi kuwasahihisha kwa mlango huo. Nchi ndogo ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba unapochagua msuluhishi, umechagua pia makosa yake.

Lakini Lesotho hiyo hiyo ilionyesha upande mwingine. Katika mradi huo huo, mkuu wa zamani wa mamlaka alitiwa hatiani mwaka 2002 kwa kupokea rushwa, na makampuni ya kigeni, yakiwemo Acres ya Canada na Lahmeyer ya Ujerumani, yakatiwa hatiani na mahakama za nchi hiyo. Waendesha mashtaka walifuata fedha hadi benki za Uswisi. Taifa lenye watu wachache kuliko Dar es Salaam lilithubutu. Ujuzi wa mikataba ya ujenzi ukikutana na ujasiri, mnyonge hupata meno.

Mtu asiyetajwa

Mpaka hapa tumezungumza habari za mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi na benki. Msomaji makini ameshaona nani hajatajwa. Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi za jengo ni watu wanaoishi, wanaouza na wanaosoma ndani yake.

Sheria ya Kiingereza tuliyoirithi ilimweka mtu huyu nje kwa kanuni ya kwamba mkataba huwabana na kuwafaa waliouingia tu. Mpangaji hakumwajiri mkandarasi, hivyo hana mkataba naye. Mnunuzi wa pili alinunua kwa mtu mwingine kabisa. Kwa muda mfupi mahakama zilijaribu kufungua mlango kupitia sheria ya madhara: kati ya mwaka 1972 na 1977, katika kesi za Dutton na Anns, halmashauri zilizokagua misingi kwa uzembe zilionekana kuwa na wajibu kwa wakazi wa nyumba. Mwaka 1990, katika kesi ya Murphy dhidi ya halmashauri ya Brentwood, mlango ukafungwa. Bwana Murphy aliuza nyumba yenye msingi mbovu kwa hasara ya pauni 35,000. Malordi walisema hasara hiyo ni ya kifedha tu, na haidaiwi kwa uzembe. Angeweza kudai kama nyumba ingemvunja mguu. Maana yake ni kwamba mkazi anayeuona ufa mapema, akauhofia na kuhama, hana dai dhidi ya aliyekosea. Anayengoja ukuta umwangukie, analo. Wahenga waliotuusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta wasingeielewa sheria hii.

Njia nyingine ilikuwepo. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 iliwabebesha msanifu na mkandarasi dhamana ya miaka 10 kwa jengo litakaloharibika, na sheria ya Januari 1978 ikaongeza bima ya lazima: bima hutangulia kulipa matengenezo, kisha humfuata mwenye kosa. Wazo la miaka 10 lilienea mbali. Limo katika sheria ya kiraia ya Misri ya mwaka 1948, na kutoka huko likaingia katika sheria za nchi za Ghuba, Oman ikiwemo. Katika mfumo huo mwenye jengo hahitaji kuthibitisha ni fundi gani alizembea siku gani. Inatosha kwamba jengo halikusimama.

Waingereza wenyewe wamerudi mezani, lakini baada ya msiba. Tarehe 14 Juni 2017 moto uliunguza jengo la Grenfell, London, ukaua watu 72. Wakazi walikuwa wamelalamika kabla yake kuhusu usalama wa jengo lao. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilitolewa Septemba 2024. Kabla ya hapo Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022, iliyoongeza muda wa kudai kwa makazi mabovu hadi miaka 30 kwa kazi za zamani na miaka 15 kwa kazi mpya, na kuruhusu mahakama kuyafuata makampuni dada pale kampuni iliyojenga inapokuwa ganda tupu. Mkazi akaingizwa katika sheria baada ya majeneza 72.

Kwetu

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na kuua watu takriban 50. Lilikuwa limekwisha kuwekwa alama ya kubomolewa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa chini ya zege, baadhi yao baada ya kuzungumza na ndugu zao kwa simu wakiwa kifusini.

Baada ya kila tukio tunafanya mambo yale yale. Kamati huundwa. Wamiliki au wahandisi hukamatwa. Viongozi huagiza ukaguzi. Sidharau hatua hizo, na vyombo tunavyo: Tanzania ina Baraza la Taifa la Ujenzi tangu sheria ya mwaka 1979 na usajili wa makandarasi chini ya sheria ya mwaka 1997, Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi chini ya sheria ya mwaka 2011. Lakini vyombo hivi vimeundwa kumsajili na kumwadhibu mjenzi. Kumlipa mjane si kazi yao. Mashtaka ya kuua bila kukusudia, hata yakifaulu, hayalipi ada ya shule ya yatima.

Mlango wa fidia hata hivyo upo. Tanzania inayo sheria inayowaruhusu wategemezi wa marehemu kumdai aliyesababisha kifo kwa uzembe. Anayejeruhiwa anaweza kudai kwa sheria ya madhara, na hata Murphy hakumzuia. Kinachokosekana ni mtu wa kuipitisha familia katika mlango huo: wakili anayejua kuomba michoro iliyoidhinishwa na kuilinganisha na ghorofa zilizoongezwa, kudai matokeo ya vipimo vya zege, kutofautisha kosa la mwenye jengo, la mkandarasi, la mhandisi na la halmashauri, kisha kuyapanga yote katika jedwali ambalo hakimu atalielewa. Huduma hiyo ni ghali, na anayeihitaji zaidi alikuwa mama lishe au mchukuzi. Wakili wa ujenzi tuliye naye, kama yupo, yuko mezani kwa mwenye jengo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, bila kujifanya kwamba yatamaliza tatizo.

Kwanza, vyuo vyetu vya sheria viipe sheria ya ujenzi nafasi inayolingana na fedha tunazozimimina katika ujenzi. Reli, mabwawa na barabara ni sehemu kubwa ya bajeti zetu. Si haki mwanafunzi ahitimu akijua kesi za chupa ya soda yenye konokono lakini hajawahi kufungua mkataba wa FIDIC. Na asome pamoja na wahandisi na wakadiriaji majenzi, kwa sababu wakili asiyejua nondo hukaa ni mtafsiri asiyejua lugha.

Pili, tujifunze kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Mei 1998, inayoruhusu ugomvi wa ujenzi kuamuliwa na mwamuzi ndani ya siku 28. Msingi wake ni lipa kwanza, bishaneni baadaye. Kilio cha wakandarasi wazawa kuhusu malimbikizo ya madeni tunakisikia mwaka baada ya mwaka. Mkandarasi asiyelipwa hupunguza saruji, na upungufu wa saruji mwisho wake tumeuona. Malipo ya wakati ni sehemu ya usalama wa jengo, ingawa hatukuzoea kuyatazama hivyo.

Tatu, tuazime dhamana ya miaka 10 pamoja na bima yake kwa majengo ya ghorofa, na tuipanue zaidi ya walikoifikisha Wafaransa, ili mpangaji na mfanyabiashara wa fremu waweze kuidai. Wapo watakaosema kwamba hili litapandisha gharama za ujenzi. Ni kweli, litapandisha. Gharama hizo zipo tayari hivi leo, na wanazilipa wafu na ndugu zao. Kampuni ya bima ikijua kwamba italipa, itatuma mkaguzi wake kabla ya ghorofa ya 11 kumwagwa, na mkaguzi huyo atakuwa mgumu kununulika kuliko wengi tunaowajua, kwa kuwa analinda fedha za aliyemtuma.

Historia niliyoisimulia ina mwelekeo. Mwaka 1854 mahakama ilimwambia mkandarasi kwamba saini yake imemfunga. Mwaka 1918 ilimlinda dhidi ya mchoro wa mwenye nguvu. Mwaka 1974 ilimtaka mpimaji ajibu kwa uzembe wake. Mwaka 2022 Bunge lilimpa mkazi nafasi. Kila hatua ilimwongeza mtu mmoja katika duara la wanaostahili kusikilizwa, na kila hatua ilisukumwa na wakili aliyekubali kusoma mkataba kwa macho ya mtu aliyekuwa nje. Katika nchi zetu duara hilo bado lina watu wawili. Wanafunzi wangu wanaoniuliza kila mwaka wabobee katika nini, jibu langu ni hili: nendeni mkaongeze wa tatu.